Namna ya Kuchagua Mgahawa wa Samaki Ukiwa Likizo Ufukweni: Mwongozo Kamili

Samaki huanza kuharibika tangu anapotolewa majini, na hakuna mpishi awezaye kumrudishia alichokwisha kupoteza. Anachoweza ni kuchelewesha: barafu ya kutosha, kisu safi, moto wa kiasi. Kwa hiyo anayetafuta pa kula samaki ufukweni anatafuta watu wanaojua kutunza baridi na kuhesabu saa. Mandhari, taa za rangi na viti vilivyopangwa mchangani ni jambo jingine. Vinapendeza, lakini vina gharama yake, na gharama hiyo mara nyingi hufidiwa kwenye sahani.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa safari yenyewe: kabla hujafunga sanduku, asubuhi ya kwanza, mlangoni pa mgahawa, mbele ya kaunta ya samaki, mezani, na usiku wa manane tumbo likianza kuleta maneno.

1. Kabla ya kusafiri

Anza na msimu. Sehemu nyingi duniani hufunga uvuvi wa kamba koche, kaa au pweza kwa miezi fulani ili wazaliane. Ukizijua tarehe hizo za huko uendako, menyu yenyewe inakuwa shahidi. Mgahawa unaonadi "kamba koche wa leo" katikati ya miezi ya kufungwa ama unauza wa kwenye friza kwa jina la wabichi, ama unanunua kwa mlango wa nyuma. Vyovyote iwavyo, umeshajua unashughulika na nani.

Kisha ulizia siku ambazo soko la samaki au mnada haufanyi kazi. Soko likilala leo, samaki anayeuzwa leo jioni ni wa jana au juzi. Mlo wako mkubwa uuweke siku ambayo soko lilifunguliwa asubuhi yake.

Maoni ya wateja mtandaoni yana faida kwa anayejua kuyasoma. Nyota ziache, soma maneno. Yapange kuanzia ya karibuni na usirudi nyuma zaidi ya miezi mitatu au minne, kwa sababu mpishi akihama, mgahawa hubaki na jina tu. Tafuta ndani yake maneno kama "bili", "mizani", "gramu", "harufu", "tumbo". Picha ya menyu au risiti iliyopigwa na mteja ina thamani kuliko picha kumi za machweo. Ukiona sifa fupi fupi zilizoandikwa ndani ya siku mbili na watu wasiowahi kuandika lingine lolote, ziruke. Na lalamiko kwamba "chakula kilichelewa" lisikutishe: samaki mzima wa kilo moja anahitaji kama dakika 20 hadi 30 juu ya makaa, ukiacha muda wa kumpaa na kumchanja. Aliyefika mezani baada ya dakika nane alikuwa ameshaiva kabla hujaketi.

Toka hapo na majina matano au sita, na angalau mawili yawe ya migahawa isiyotazamana na bahari moja kwa moja. Mstari wa kwanza wa ufuko hulipa kodi kubwa ya pango na huishi kwa mteja wa mara moja. Mtaa wa nyuma huishi kwa mteja anayerudi.

2. Asubuhi ya kwanza: dikoni

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayolipa zaidi. Ulizia boti hurudi saa ngapi na zinapakua wapi, kisha nenda ukatazame kwa dakika 20. Wa kumuuliza ni dereva, mtunza bustani au msafisha vyumba. Meza ya mapokezi hotelini huwa na mgahawa wake wa kupendekeza.

Ukiwa hapo, angalia aina zilizoteremshwa kwa wingi siku hiyo. Hizo ndizo zitakazokuwa mbichi na za bei nafuu jioni, hata kama jina lake hulijui. Andika bei ya kilo ya aina tatu hivi, uwe na kipimo cha kulinganisha. Halafu angalia wanunuzi. Mtu mwenye sanduku lenye barafu, anayefungua matamvua ya kila samaki na kuwakataa nusu yao, huenda ananunulia mgahawa. Muulize anapika wapi. Orodha inayopatikana kwa njia hiyo hushinda ya mtandaoni.

Hali ya bahari nayo isome. Upepo ukivuma kwa nguvu siku mbili tatu, boti ndogo hazitoki, na "samaki wa leo" jioni hiyo ni neno la kutilia shaka. Pale ambapo pweza na kome huokotwa kwa miguu kwenye miamba inayokauka, mavuno huwa mazuri wakati wa bamvua, siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu maji hutoka mbali zaidi. Wakati wa maji mafu, yaani maji yasipotoka mbali, huwa haba. Anayekuhakikishia pweza wa kuokotwa asubuhi hii katikati ya maji mafu anahitaji swali la pili.

Kuna samaki wa kukataa popote utakapowakuta: wale waliouawa kwa baruti. Nje wanaweza kuonekana wazima, lakini uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia ndani ya nyama na minofu inaachana na miiba hata kabla ya kupikwa. Wanaharibika upesi, na mwamba waliotoka umeshabomolewa.

3. Nje ya mgahawa

Pita mara mbili, mchana na jioni, kabla ya kuketi. Simama upande upepo unakotokea jikoni. Harufu ya moshi, kitunguu saumu na bahari ni ya kawaida. Shombo kali au mafuta yaliyochacha, yale yanayokereketa koo, ni sababu ya kuendelea na safari.

Menyu ihesabu kabla ya kuisoma. Mgahawa wa viti 40 hauwezi kuwa na aina 25 za viumbe vya baharini, wote wabichi, kila siku. Nyingi ziko kwenye friza au zinasubiri mtu wa kwanza kuziagiza tangu wiki iliyopita. Unachotaka ni ubao ulioandikwa kwa chaki, wenye vitu sita au saba, na viwili vimekwisha kufutwa. Neno zuri kuliko yote katika mgahawa wa samaki ni "hakuna". Anayethubutu kukuambia "ngisi leo hakuna" anauza alichopokea. Ambaye kwake kila kitu kipo, miezi yote, ana friza kubwa tu.

Mpiga debe wa mlangoni anayekushika mkono analipwa kwa kichwa, na malipo hayo yamo ndani ya bili yako. Hilo halimaanishi chakula ni kibaya, ila una sababu moja zaidi ya kuuliza bei kabla.

Idadi ya watu ina maana yake: meza zikijaa, samaki hawalali. Hata hivyo, angalia wanakula nini. Ukumbi uliojaa watu wanaokula vibanzi na kuku haukuambii lolote kuhusu samaki. Chooni, angalia kama kuna maji na sabuni, kwa kuwa mara nyingi ndiko wanakonawa hata wapishi. Paka usiwahukumu. Penye samaki paka hawakosi, hata penye samaki wazuri.

Bufee ni hesabu ya muda. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi joto 60, cha baridi kiwe chini ya 5. Nje ya hapo kisizidi saa mbili, na hewa ikipita nyuzi 32, saa moja. Ukiamua kula bufee, fika ndani ya dakika 20 za mwanzo na uache kabisa chaza, kome na samaki wabichi waliopangwa kwenye sinia lisilo na barafu.

4. Mbele ya kaunta

Omba kuona samaki. Mgahawa mzuri hufurahi ukiomba. Mbaya hukuletea picha.

Itazame barafu kabla hujamtazama samaki. Barafu iwe nyingi, iliyosagwa, imemzunguka samaki na kujazwa tumboni pia, na maji yake yawe na pa kutokea. Samaki aliyelazwa tu juu ya tabaka jembamba, jua likimpiga mgongoni, ana baridi upande mmoja na joto upande mwingine. Aliyeelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka analoweshwa ndani ya uchafu wake mwenyewe. Samaki asiye na mafuta mengi, akitunzwa vizuri kwenye barafu tangu botini, anaweza kukaa zaidi ya wiki akiwa bado wa kuliwa. Saradini na vibua huchoka ndani ya siku chache. Kwa hiyo swali la siku halitoshi. Samaki wa siku tatu aliyekaa ndani ya barafu anaweza kumshinda wa leo asubuhi aliyeshinda juani.

Sasa samaki mwenyewe. Macho yawe yamejaa na kung'aa, lakini usiyaamini peke yake: barafu ikigusa jicho hulifanya jeupe, na baadhi ya samaki wa kina kirefu hutoka majini macho yakiwa tayari na ukungu. Matamvua ni ushahidi mzito zaidi. Mwambie anayeuza ayafunue: mekundu au ya waridi yenye ute mwembamba usio na rangi ni mazuri, ya kahawia, ya kijivu au yenye ute unaonata, hapana. Yakiwa yameondolewa kabisa, huenda ni utunzaji mzuri, maana matamvua na matumbo ndiyo yanayooza kwanza, ila umenyimwa ushahidi. Hamia kwenye harufu na nyama.

Harufu uinusie ndani ya tumbo, siyo mgongoni. Samaki mbichi hunuka bahari, mwani, au hanuki kabisa. Shombo hutokana na bakteria wanaovunja kemikali iliyomo mwilini mwa samaki na kutoa trimethilamini, na limau hupunguza harufu hiyo kwa kuwa asidi yake huidhibiti. Ndiyo sababu samaki aliyekwisha kumwagiwa limau na kitunguu saumu kabla hujamwona hapaswi kukuvutia. Papa na taa ni kesi ya pekee: miili yao ina urea nyingi, ambayo ikivunjika hutoa amonia. Wakinuka kama mkojo, wamecheleweshwa.

Mwombe mhudumu abonyeze mgongo kwa kidole. Nyama irudi yenyewe; ikibaki na shimo, ahsante. Samaki aliye mkakamavu, ambaye ukimshika kichwa mkia haulegei, hajakaa muda mrefu tangu afe. Magamba yamshike, na tumbo lisiwe limepasuka.

Minofu iliyokatwa haina macho wala matamvua, na hapo ndipo udanganyifu hukaa kwa raha. Tafuta kingo zilizokauka, nyufa kati ya tabaka za nyama, maji meupe chini ya sinia. Jodari mwekundu wa kung'aa kama pipi, rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo, huenda amepulizwa kaboni monoksidi, gesi inayoishika rangi hata siku zikipita. Kwa jodari, rangi si ushahidi. Na mnofu mweupe unaouzwa kwa jina la samaki ghali bila mtu kuweza kukuonyesha ngozi au kichwa chake, uhesabu kuwa ni samaki wa bei rahisi mpaka ithibitike vinginevyo.

Wasio na miiba wana dalili zao:

- Kamba: kichwa kishikane na mwili, gamba liwe gumu. Madoa meusi kichwani na kwenye maungio hayana sumu, lakini ni saa ya ukutani: yanaonyesha muda umepita. Baadhi ya wauzaji huyazuia kwa salfaiti, kemikali ya kuhifadhi, hivyo mwenye pumu aulize. Kamba anayemeremeta kama kioo na kutafunika kama mpira kuna uwezekano ameloweshwa dawa ya kushika maji ili azidi uzito.
- Kamba koche na kaa: wawe hai, au wa friza wanaouzwa wazi kuwa ni wa friza. Wakishakufa, nyama yao huanza kulainika na kuharibika kwa haraka sana. Kamba koche aliye hai ukimwinua hukunja mkia. Kaa awe mzito kuliko anavyoonekana. Mwepesi ametoka kubadili gamba na ndani ana maji matupu. Jike lenye mayai chini ya tumbo lirudishwe.
- Ngisi: mweupe wa kung'aa chini ya ngozi yenye vidoadoa. Akishageuka waridi mwili mzima, amezeeka.
- Pweza: friza si aibu kwake. Kugandishwa huvunja nyuzi za nyama na kumlainisha.
- Chaza na kome: wawe wamefunga. Aliyeachama, mgonge, asipofunga amekufa, usimle.

5. Maswali ya kumuuliza mhudumu

"Samaki ni wabichi?" ni swali lenye jibu moja duniani kote. Usilitumie. Uliza yanayohitaji jibu lenye maelezo.

"Leo boti zimeleta nini?" Anayejua hutaja aina moja au mbili bila kufungua menyu. Anayesema "vyote" hajui, au anajua sana.

"Kipi ni cha friza?" Jibu la kweli huwa si "hakuna". Friza yenyewe si kosa: samaki aliyegandishwa kwenye meli ndani ya saa chache humshinda mbichi aliyezungushwa juani. Kosa ni kuuzwa kwa bei ya mbichi. Katika baadhi ya nchi menyu huweka kinyota kando ya vyakula vya friza, kwa hiyo soma maandishi madogo chini ya ukurasa.

"Wewe ungekula nini leo?" Halafu nyamaza. Mtu akisitasita kisha akataja kitu cha bei ya chini, mwamini. Akitaja papo hapo kilicho ghali kuliko vyote, umesikia tangazo.

Swali la mafuta, "mnakaangia kamba na viazi humo humo?", ni la lazima kwa mwenye mzio. Protini inayosababisha mzio wa kamba na kaa haiharibiwi na moto, na husafiri ndani ya mafuta, kwenye wavu wa kuchomea na hata kwenye mchuzi wa supu. Mzio wa samaki wenye mapezi ni mwingine. Mtu anaweza kuwa na mmoja bila mwenzake. Taja kwa jina unachokikwepa, usiseme tu "nina mzio wa vitu vya baharini".

6. Bei na mizani

Ugomvi mwingi wa ufukweni huanzia hapa, na karibu wote huzuilika kwa dakika mbili.

Menyu ikisema "bei ya soko", uliza namba. Ikitaja bei kwa gramu 100, fanya hesabu kwa sauti mbele ya mhudumu: bei ya 9 kwa gramu 100 ina maana samaki wa gramu 800 ni 72, si 9. Watu wazima wenye akili timamu hunaswa na namba hiyo ndogo kila likizo.

Fuata mpangilio huu:

1. Chagua samaki kwa mkono wako, umwonyeshe huyo, siyo "mmoja kama huyo".
2. Mizani isome sifuri na sinia likiwa juu yake. Apimwe bila maji wala barafu ya kumwagika.
3. Piga picha moja inayomwonyesha samaki na namba ya mizani pamoja.
4. Uliza jumla, siyo bei ya kilo. Iandikwe kwenye karatasi ya oda.
5. Uliza kama jumla hiyo ina kodi, huduma na vya kando. Mkate na mizeituni iliyoletwa bila kuagizwa inaweza kuwa na bei.
6. Wakijitolea kumtoa miiba jikoni, waambie walete kichwa na uti wa mgongo pia. Samaki mzima ni vigumu kubadilishwa. Mnofu hubadilishwa kirahisi.

Uzito unaolipia ni wa samaki mzima kabla ya kupaliwa na kutumbuliwa, na hilo ni la kawaida. Jua tu unabaki na nini. Samaki mzima hutoa nyama kama asilimia 40 hadi 50, kwa hiyo gramu 400 hadi 500 zinamtosha mtu mmoja, na wa kilo moja ni wa watu wawili. Kamba wenye vichwa hupoteza karibu nusu. Agiza gramu 300 kwa mtu. Kaa ndiye mchoyo kuliko wote, nyama yake ikiwa robo ya uzito au pungufu. Kamba koche asiye na magando ana nyama mkiani, karibu theluthi moja. Kome, nusu kilo kwa mtu pamoja na maganda yake. Pweza hunywea akipikwa mpaka karibu nusu, hivyo sahani ndogo ya pweza si lazima iwe wizi.

Kamba wa friza huja wamefunikwa kwa ngozi ya barafu; uzito wa haki ni baada ya barafu kuyeyuka.

Sinia la mchanganyiko "la watu wawili" liagize mahali unapopaamini tu. Hapo ndipo masalio ya jana hupata wenzao. Uliza idadi: kamba wangapi, vipande vingapi vya samaki, na samaki gani.

7. Namna ya kupikwa

Usiku wa kwanza katika mgahawa mpya, agiza samaki mzima wa kuchoma kwa chumvi na limau, mchuzi ukae pembeni. Chakula hicho hakina pa kujificha. Krimu, pilipili nyingi na kitunguu saumu cha kufunika vinaweza kuwa ustadi, na vinaweza kuwa blanketi.

Samaki wenye mafuta kama jodari, vibua na saradini wanapenda makaa makali. Wenye nyama nyeupe na kavu hufaa mvuke, foili au kikaango, la sivyo hukauka. Ngisi hukubali moto wa dakika mbili tatu au wa zaidi ya dakika 40. Katikati yake anakuwa raba. Samaki ameiva nyama inapoacha kuwa kama kioo na kuachana kwa uma, karibu nyuzi 63 ndani kabisa.

Ukitaka samaki wasiopikwa, maswali yanaongezeka. Maji ya limau hubadilisha rangi na ugumu wa nyama, lakini hayaui minyoo wala bakteria kwa uhakika. Kinachoua minyoo ni baridi kali: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15 baada ya kuganda. Friza ya kawaida ya jikoni inaweza isifike huko. Mgahawa ukiuza samaki wasiopikwa na hauwezi kueleza walivyogandishwa, kula kilichopikwa.

8. Sumu ambazo moto hauziwezi

Histamini hujijenga ndani ya jodari, vibua na ndugu zao wakiachwa kwenye joto, na kupika hakuiondoi. Mlaji huhisi mdomo ukiwasha kama amekula pilipili, uso huwa mwekundu, kichwa huuma, vipele hutoka, mara nyingi ndani ya saa moja. Jodari anayekuchoma ulimi bila pilipili, mteme.

Sigwatera ni sumu inayotoka kwa vijimea vidogo vya kwenye miamba ya matumbawe; hupanda kutoka samaki hadi samaki, na hukusanyika kwa wawindaji wakubwa: mzia, chewa wakubwa, mkunga. Samaki mwenyewe huwa hana harufu wala ladha mbaya. Kinga ni kuchagua wadogo, kukwepa kichwa, maini na mayai, na kuuliza wenyeji ni samaki gani wa mwamba wasioliwa hapo. Wakisema huyu hatumli, usimfanyie jaribio.

Chaza na kome huchuja maji, na maji yakiwa na mwani wenye sumu, nao huwa na sumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Tangazo la kufunga uvunaji litii. Chaza wabichi kutoka maji ya uvuguvugu wanaweza kubeba bakteria aina ya Vibrio. Mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu awale waliopikwa tu. Bunju usimjaribu popote pasipo mpishi mwenye leseni ya kumwandaa.

Mama mjamzito na watoto wadogo waepuke papa, nduaro na jodari wakubwa kwa sababu ya zebaki, pamoja na vyote visivyopikwa.

9. Sahani ikifika

Mlinganishe na picha yako: ukubwa, aina, mkia. Fungua nyama karibu na uti. Kama bado ni ya kioo na damu, arudi motoni. Nyama iliyogeuka uji huonyesha samaki aliyezeeka au aliyeyeyushwa na kugandishwa tena. Mkia wa kamba koche aliyepikwa akiwa hai huwa umejikunja. Uliolala kama kanda unazua swali. Kome wasiofunguka waache kando, si hasara kubwa.

Ukiwa na shaka, sema baada ya tonge la kwanza au la pili, kwa upole, na utaje kasoro yenyewe: "ndugu, huyu ananuka amonia", siyo "sijapenda". Kasoro iliyotajwa kwa jina ni ngumu kubishiwa. Mifupa mitupu hairudishwi.

10. Usiku, mwili ukikataa

Kutapika na kuhara kwa kawaida hupona kwa maji. Tumia pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini; zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Kunywa kidogo kidogo. Nenda hospitali mara moja ukihisi ganzi midomoni au vidoleni, kitu cha baridi kikikuunguza kama cha moto, pumzi ikibana, uso ukivimba, viungo vikiishiwa nguvu, au ukiona damu. Chukua risiti na picha uliyopiga juu ya mizani, kisha mwambie daktari mambo matatu: ni samaki gani, ulimla saa ngapi, na dalili ya kwanza ilianza baada ya muda gani.